Oili Nzito Inanyamazisha Injini, Haiiponyi

Kuna ushauri unaotolewa katika gereji nyingi za Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar es Salaam, na waliouamini zaidi ni wenye magari ya mbio, hasa Subaru za turbo. Injini ikianza kelele, mwaga oili nyepesi, weka nzito. Kama ndani mna 5W-30 na asubuhi injini inagongagonga, utaambiwa uweke 20W-50. Fundi mwingine atakwambia uweke namba 50 tupu, isiyo na herufi W. Kabla ya jioni injini imetulia na mwenye gari anaondoka ameridhika, akiamini amelitibu gari lake.

Nasema hajalitibu. Amelinyima sauti. Ushauri huu unaua injini ambazo zingeweza kuishi miaka mingi, na unaziua mikononi mwa watu wanaozipenda kuliko wote.

Hata hivyo wanaouamini si wajinga, na hoja zao zinastahili kuelezwa kama wanavyozieleza wenyewe. Wanasema injini ikichakaa, nafasi kati ya chuma na chuma hupanuka, kwa hiyo oili nyepesi huvuja pembeni na vyuma vikagusana, ilhali nzito hukaa na kuijaza nafasi hiyo. Wanasema nchi zetu ni za joto, na namba zilizoandikwa katika vitabu vya Wajapani ziliwekwa kwa ajili ya theluji yao. Wanasema gari la mbio hufanya kazi ngumu, ndiyo maana BMW iliyapa baadhi ya magari yake ya M oili ya 10W-60. Juu ya yote wanasema masikio yao hayawadanganyi: kelele imepungua, basi msuguano umepungua. Tena wana karatasi mkononi. Vitabu vya baadhi ya Subaru za turbo za miaka ya 2000 viliruhusu oili nzito, hata 20W-50, kwa gari linalotumika jangwani, kwenye joto kali sana au kwa kuvuta trela. Hiyo ni kweli, na nitaijibu.

Kelele hizo ni zipi?

Ushauri wa oili nzito unaanza kwa kuzichukulia kelele zote za injini kuwa kitu kimoja. Huo ndio udhaifu wake mkubwa, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo.

Chukua mngurumo wa Subaru, ule wa kukatika-katika uliowafanya vijana wengi wa Kenya walipende gari hili tangu Impreza iliposhinda Safari Rally kwa mikono ya Kenneth Eriksson mwaka 1996, Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Mngurumo ule unatoka kwenye ekzosi. Silinda nne za injini hiyo zimelala mbili kulia na mbili kushoto, na mabomba ya kutolea moshi ya matoleo yale yalikuwa na urefu usiolingana, kwa hiyo mapigo ya moshi hufika yakiwa yamepishana kwa vipindi visivyo sawa. Subaru ilipoanza kufunga mabomba ya urefu sawa katika baadhi ya matoleo ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, mngurumo ukafifia mno. Oili haikuwa na mkono katika jambo hilo. Anayekuambia kwamba oili fulani imeipa Subaru yake mngurumo mzito zaidi anakueleza matumaini yake.

Kisha kuna tiki-tiki ya haraka na nyepesi ya nozeli zinazopulizia petroli. Hiyo ni sauti ya vali ndogo za umeme zikifunguka na kufungika, na itakuwepo hata ukiweka grisi kwenye sampu. Wenye Toyota 86 na Subaru BRZ wanajua mlio wa nyenje unaotoka juu ya injini ikiwa inazunguka taratibu. Ule unatoka kwenye pampu ya petroli ya shinikizo kubwa, na hakuna dumu la oili linalouondoa.

Kuna mlio wa pistoni inayopiga ukuta wa silinda injini ikiwa baridi. Pistoni ni ya alumini, hutanuka ikipata moto, na mlio hupotea baada ya dakika chache. Kuna tapeti. Baadhi ya injini za Subaru za EJ20 za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na tapeti zinazojirekebisha kwa oili, na zikiingiwa na hewa zinagonga mpaka zijae tena. Oili nzito hapo huchelewa kufika na kuchelewa kuzijaza, kwa hiyo dawa inaurefusha ugonjwa.

Zinabaki kelele mbili za hatari. Ya kwanza ni mlio kama wa changarawe ndani ya kopo, unaosikika turbo inaposukuma nawe umekanyaga mafuta. Hiyo ni petroli inayolipuka kabla ya wakati wake, jambo la kawaida kwa gari lililotoka Japani, lililopangwa kutumia petroli ya daraja la juu ya huko, likanyweshwa petroli hafifu, au likaongezewa nguvu kwa programu na mtu asiyelipima. Mlipuko huo huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, na EJ25 za turbo zinajulikana kwa udhaifu huo. Ya pili ni mlio mzito wa kugonga wa beringi za konrodi, tok-tok-tok inayofuata mizunguko ya injini na kusikika wazi unapoachia pedali kidogo. Oili nzito haifanyi lolote kwa ile ya kwanza. Kwa hii ya pili inafanya jambo baya kabisa: inaifunika.

Hesabu sasa. Katika kelele zote hizo, oili nzito inapunguza sauti ya pistoni baridi, ambayo kwa kawaida haina madhara makubwa, na sauti ya beringi, ambayo ndiyo uliyopaswa kuisikia mapema kuliko zote.

Ushahidi wa masikio

"Lakini nilibadilisha, ikatulia." Wapenzi wa oili nzito wote wanalo jibu hili, na wengi wao wanasema kweli. Ila tazama kilichofanyika siku ile gerejini. Oili ya zamani ilimwagwa, chujio jipya likafungwa, na injini ikajazwa mpaka alama ya juu ya kijiti. Mambo matatu yalibadilika kwa pamoja, lakini sifa yote ikapewa uzito wa oili.

EJ ya turbo hubeba lita 4 na kidogo tu, na nyingi kati ya zilizozeeka hula oili. Kwa kuwa injini yenyewe imelala chini, sampu yake si ya kina kirefu. Oili ikipungua lita moja, kona kali au breki ya ghafla huisogeza mbali na mdomo wa kunyonyea, pampu ikavuta hewa, na beringi zikakaa bila oili kwa muda mfupi unaotosha kuziumiza. Gari kama hilo linapiga kelele kwa sababu lina kiu. Ukilijazia 5W-30 mpaka juu, kelele itapungua vilevile. Na oili iliyotumika muda mrefu kwenye turbo imeshachanganyika na petroli ikawa nyepesi kuliko ilivyotoka dukani, hivyo oili yoyote mpya itasikika tulivu ikilinganishwa nayo.

Anayetaka kujua kama uzito ndio uliosaidia, abadilishe oili na chujio kwa namba ileile iliyomo kitabuni, ajaze mpaka alama ya juu, kisha asikilize. Ni wachache sana wanaofanya hivyo kabla ya kukimbilia 20W-50.

Joto la nchi zetu

Hoja ya joto inapendeza kwa sababu inagusa fahari yetu: Mjapani haijui Afrika. Lakini Tokyo mwezi Agosti joto la mchana hupita nyuzi 30 kwa kawaida, na Nairobi ni mji wa milimani, karibu mita 1,800 juu ya bahari, ambako joto hilo ni nadra. Alfajiri ya Julai Nairobi hushuka hadi kama nyuzi 11 au 12. Mkazi wa Nairobi anayeweka 20W-50 kwa sababu ya joto anaendesha katika mji wenye ubaridi kuliko Tokyo ya kiangazi, ambako namba ya kitabu inatumika bila wasiwasi.

Tena hewa ya nje ina sehemu ndogo tu katika joto la oili injini ikishapata moto. Kidhibiti joto hulazimisha maji ya injini yakae kati ya nyuzi 80 na 100, na oili hukaa karibu na hapo au juu yake kidogo, uwe Kilifi au Eldoret. Hewa ya nje inaleta tofauti kubwa wakati wa kuwasha, na wakati huo ndio oili nzito inapoonea injini. Kwenye nyuzi 40, mnato wa 20W-50 ya kawaida unazidi mara mbili ule wa 5W-30, na kadiri joto linavyoshuka pengo hilo linapanuka. Sekunde za kwanza za asubuhi huchangia sehemu kubwa ya uchakavu wa injini, na ndizo unazozirefusha.

Mshale ulipanda, oili ilipungua

Wengine wana mita ya shinikizo la oili kwenye dashibodi na wanaonyesha mshale: tazama, umepanda. Umepanda kweli. Shinikizo ni kipimo cha ugumu wa oili kupita, si cha wingi wa oili inayopita. Pampu ya oili ya injini hizi husukuma kiasi kilekile kwa kila mzunguko. Oili ikiwa nzito na baridi, shinikizo hupanda mpaka vali ya usalama inafunguka na kuirudisha sehemu ya oili ilikotoka bila kufika kwenye beringi hata moja. Chujio nalo lina mlango wake wa dharura: oili ikishindwa kupenya karatasi, mlango unafunguka na oili chafu inapita moja kwa moja. Mshale uko juu, mwenye gari ametulia, na beringi zinapata oili kidogo zaidi, tena isiyochujwa.

Beringi inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na oili hiyo pia ndiyo inayoipoza. Joto linaondolewa na oili inayopita kwa wingi, inatoka na kuingia nyingine.

Ni kweli kwamba nafasi ikipanuka sana oili nyepesi hukimbia mno. Lakini beringi iliyofika hapo imekwisha, na inapaswa kubadilishwa. Kuizungushia oili nzito ni kuchagua siku itakayovunjika, na kwa kawaida itakuwa siku uliyokanyaga pedali mpaka chini barabarani Naivasha, konrodi ikatoboa bloku. Ukarabati wa beringi na kusugua krenki ni gharama. Bloku iliyotobolewa ni kununua injini.

Magari ya mbio na namba kubwa

Wanaotaja 10W-60 ya BMW wanasimulia nusu ya habari. Injini ya V8 ya M3 ya mwaka 2007 hadi 2013, inayozunguka zaidi ya mara 8,000 kwa dakika, iliandikiwa 10W-60 na kiwanda chenyewe, na ndiyo hiyohiyo iliyokuja kujulikana duniani kwa beringi za konrodi zinazokwisha mapema. Mafundi wengi wa magari hayo hubadilisha beringi kabla hazijagonga, kama sehemu ya matengenezo ya kawaida. Namba kubwa haikuziokoa.

Nissan GT-R ya R35, yenye turbo mbili na nguvu ambazo Subaru nyingi za mtaani hazizioti, imepewa 0W-40. Toyota 86 imepewa 0W-20. Wahandisi hao wanajua magari yao yatapelekwa kwenye viwanja vya mbio, na wameanza na upana wa nafasi, kasi ya pampu na joto la oili, kisha ndipo wakaandika namba.

Na namba ya pili kwenye dumu haisemi yote. Kiwango cha SAE J300 kinapima pia mnato wa oili kwenye nyuzi 150 ikiwa inakatwa kwa kasi kubwa, hali inayofanana na ile ya ndani ya beringi gari likikimbizwa. Katika kipimo hicho, kiwango cha chini kwa 15W-40 ni 3.7, na kwa 20W-50 ni 3.7 vilevile. Kwa 5W-40 ni 3.5. Kwa 5W-30 ni 2.9, lakini 5W-30 zenye daraja la Ulaya la ACEA A3/B4 au C3 zinalazimika kufika 3.5. Kwa hiyo mtu anayeogopa 5W-30 kwa injini yake yenye kilomita nyingi, na hofu hiyo naielewa, ana njia iliyo wazi: 5W-30 ya daraja hilo, au 5W-40 ya sinthetiki. Atapata ulinzi unaokaribia ule wa 20W-50 injini ikiwa moto, na hataziadhibu beringi kila asubuhi.

Hapo ndipo ruhusa ya kitabu cha Subaru inapokaa. Kitabu kilizungumzia jangwa, joto kali na trela, yaani oili inayochemka kwa mzigo wa muda mrefu. Hakikutaja kelele. Mwenye kushiriki mbio za vumbi mchana kutwa Turkana anaweza kuisoma ruhusa hiyo na kuitumia kwa haki. Mwenye kwenda kazini Westlands na kurudi Rongai kwenye foleni hana trela wala jangwa.

Turbo na vichujio vyake vidogo

Gharama kubwa ya mazoea haya iko mahali ambapo wengi hawajawahi kupaona. Katika Subaru nyingi za turbo za miaka ya 2000, oili inayokwenda kwenye turbo hupita bolti yenye tundu, na ndani ya bolti hiyo mna chujio dogo la wavu. Vichujio kama hivyo vimo pia kwenye njia za mfumo unaobadilisha wakati wa vali kwa nguvu ya oili. Oili hafifu ikichelewa kubadilishwa, huungua karibu na turbo na kuacha masizi mazito. Masizi yanaziba wavu. Turbo, ambayo mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inakauka na kuvunjika, na vipande vya chuma vinarudi kwenye sampu na kwenda kwenye beringi.

Oili nzito inayouzwa kwa kupimiwa kutoka pipani, au iliyojazwa upya kwenye dumu la jina kubwa, ndiyo hiyo hafifu. Inauzika kirahisi kwa sababu mteja ameshafundishwa kuithamini kwa kuitazama: inamwagika polepole, inang'ang'ania kidole, basi ni nzuri. Mlaghai hahitaji zaidi ya hapo. Kinachoifanya oili ya turbo ivumilie joto, yaani ubora wa oili ya msingi na dawa za kusafisha, hakionekani kwa kidole. Kinaonyeshwa na daraja lililoandikwa, kama API SN ya mwaka 2010 au SP ya 2020, na muuzaji anayeweza kuonyesha mzigo wake umetoka wapi.

Vikopo vya dawa za "kuondoa kelele" vinavyomiminwa juu ya oili havinipi shida kuvijibu. Vingi ni vinenesho. Vinaifanya oili yoyote iwe nzito, na yote niliyosema juu yanavihusu.

Anayelipa ni mnunuzi

Wako wanaojua haya yote vizuri. Ni wale wanaouza Subaru za mtumba zenye beringi zilizokwisha. Wanaweka oili nzito kuliko zote, wanaiwasha injini saa moja kabla mteja hajafika, na mteja anakuta gari la moto, tulivu, lenye mshale wa shinikizo ulio juu. Imani niliyoipinga hapa inawasaidia, maana imeshamfundisha mteja kwamba utulivu ni afya. Kijana aliyekusanya akiba miaka mitatu analipa, anafurahi wiki mbili, kisha injini inashushwa.

Ukienda kununua, sema mapema kwamba injini isiwashwe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na moto, rudi siku nyingine. Vuta kijiti cha oili, uangalie kiwango na jinsi oili inavyoteremka. Washa mwenyewe na usikilize dakika tano za kwanza ukiwa umesimama nje. Ikipata moto, peleka mizunguko mpaka 3,000 na uachie polepole, sikio likiwa kwenye mlio ule mzito wa kugonga. Kama mwenye gari amekubali, lipia oili mpya ya namba ya kitabu na chujio jipya, kisha endesha tena. Chujio la zamani likatwe kwa msumeno mbele yako na karatasi yake ikunjuliwe juani. Zikionekana punje zinazong'aa, ziwe za rangi ya fedha au ya shaba, jadilianeni bei ya gari lisilo na injini.